Maji ya moto yalipowahi kuganda: hotuba kwa watu wa Tanga juu ya mafumbo ya fizikia na uwezekano

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Tanga mjini mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu, wazazi na wavuvi. Wengi walileta salamu kwamba walitamani kuja wakashindwa, basi nimeiandika kama nilivyoizungumza. Michoro ya ubaoni nimeiacha.

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, mama zetu, na nyinyi ndugu zetu wavuvi wa Deep Sea mliorudi na vyombo alfajiri na bado mkapata nguvu ya kuja kuketi nasi, ahsanteni sana.

Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Nachukua watu 23 tu humu ukumbini, wowote wale. Kuna uwezekano gani kwamba wawili kati yao wamezaliwa siku moja? Mwaka siuulizi, nauliza tarehe na mwezi. Haya, semeni.

Nasikia asilimia sita. Nasikia kumi. Aliyesema sita amegawa 23 kwa 365, na ndivyo wengi wetu tungefanya. Mmeshindwa? Nipeni mji.

(Ukumbi: Tumekupa!)

Jibu ni asilimia 50.7. Zaidi ya nusu! Wakiwa watu 57, inafika asilimia 99. Naona vichwa vinatikisika, na sitaki mniamini kwa sababu nimeshika kipaza sauti. Tuanze mstari wa mbele, kila mmoja asimame ataje siku yake kwa sauti, na atakayesikia siku yake ikitajwa na mwenzake apaze mkono.

(Hapa tulitaja siku zetu mmoja mmoja. Kabla mstari wa pili haujaisha, mzee mmoja na binti wa kidato cha tatu walipaza mikono pamoja, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.)

Sasa tuulizane kwa nini akili zetu zilisema sita. Niliposema "wawili kati yao", kila mtu alijiuliza kimoyomoyo: nani kazaliwa siku yangu mimi? Hilo ni swali jingine kabisa. Mimi niliuliza juu ya wawili wowote. Wapeni watu 23 kazi ya kusalimiana kwa mkono, kila mtu na kila mwenzake. Mikono itashikana mara 253. Kila salamu ni nafasi moja ya kugongana tarehe. Ndiyo maana nusu inafikika upesi.

Na hapa kuna jambo linalonipendeza mno. Ukitaka kumpata mtu aliyezaliwa siku yako wewe, kwa uwezekano wa nusu, unahitaji kukutana na watu wangapi? Unahitaji 253. Namba ile ile! Salamu 253 zikigawanywa kati ya watu wote, au zote zikiwa zako peke yako, ni nafasi 253 za kulinganisha tarehe mbili.

Lishikeni hili, kwa sababu leo nitalirudia mpaka mlizoee: tulilijibu swali ambalo hatukuulizwa. Hesabu yetu haikuwa mbaya. Kugawa 23 kwa 365 ni hesabu halali. Ila ni jibu la swali lingine.

Kitendawili cha pili.

Hapa mezani nina vikombe vitatu nimevifudikiza, na kete moja ya bao imefichwa chini ya kimojawapo. Mimi najua iko wapi. Njoo mwanangu, chagua kikombe, usikifunue. Sasa mimi nafunua kimoja kati ya viwili vilivyobaki, nakuonyesha kwamba ni kitupu. Vimebaki viwili, chako na hicho kingine. Nakupa ruhusa: ukitaka baki na chako, ukitaka hama. Ufanye nini?

Ukumbi mzima unasema ni sawasawa, vikombe viwili, nusu kwa nusu. Sivyo. Ukihama, unaipata kete mara mbili katika kila tatu. Ukibaki, mara moja katika tatu.

Msione haya kama linawakataa kichwani. Mwaka 1975 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Steve Selvin, aliliandika fumbo hili akalihusisha na Monty Hall, mwendeshaji wa mchezo wa televisheni wenye milango na zawadi nyuma yake. Mwaka 1990 mwandishi Marilyn vos Savant alimjibu msomaji wa jarida la Parade kwamba ni bora kuhama mlango. Zikamiminika barua kama 10,000. Karibu 1,000 zilitoka kwa watu wenye shahada za uzamivu, na wengi wao walimwambia amepotoka, wengine kwa maneno makali. Naye alikuwa sahihi. Hata Paul Erdős wa Hungaria, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, hakukubali mpaka alipoonyeshwa kompyuta ikiucheza mchezo huo tena na tena.

Tazameni pole pole. Kijana wetu alipochagua, alikuwa na nafasi moja katika tatu ya kulenga kete. Kama alilenga, akihama anapoteza. Lakini mara mbili katika kila tatu hakulenga, kachagua kitupu, na mimi ninayejua kete ilipo sina ujanja: siwezi kuifunua kete, kwa hiyo nafunua kitupu kingine, na kinachobaki ndicho chenye kete. Mara zote hizo, akihama anapata.

Lakini subirini, maana hapa ndipo utamu wenyewe ulipo, na watu wengi wanaosimulia fumbo hili hupita haraka. Tuseme sikufunua mimi. Tuseme upepo wa kusi umeingia dirishani ukapindua kimoja kati ya vile viwili, na kwa bahati kikaonekana kitupu. Macho yameona kitu kile kile. Kikombe kimoja kimefunuka, hakina kitu, viwili vimebaki. Je, kuhama kunasaidia?

Hakusaidii. Sasa ndiyo nusu kwa nusu. Upepo haujui kete iko wapi. Ungeweza kuifunua kete yenyewe, na bahati kwamba haikufunuka inaongeza imani yako kwamba huenda unayo wewe. Kikombe kitupu ni kile kile, majibu ni mawili. Ili ujue umejifunza nini, haitoshi kutazama kilichofunuliwa. Lazima uulize nani kakifunua, na alikuwa anajua nini. Sisi tulihesabu vikombe. Swali halikuwa juu ya vikombe, lilikuwa juu ya aliyefunua. Mkirudi nyumbani ketini wawili, mmoja afiche mmoja achague, chezeni mara nyingi na muandike kila jibu. Penseli haina ubishi.

Kuna fumbo jingine la familia hii ambalo si mchezo, nalo nalisema kwa uzito wote. Mtu amepimwa hospitali, majibu yamesema ana ugonjwa. Ameambiwa kipimo kinawagundua wagonjwa tisa katika kila kumi. Anatoka nje miguu haina nguvu, anaamini kwa asilimia tisini kwamba amekwisha.

Tuchukue mfano, namba ni za mfano. Watu 1,000 wamepimwa, na ugonjwa huo uko kwa 10 tu kati yao. Kipimo kimewakamata 9 katika hao 10. Lakini wale 990 wazima, kipimo kimewasingizia tisa katika kila mia, ambao ni kama 89. Walioambiwa "unao" jumla ni 98. Wagonjwa kweli ni 9. Mtu yule, kwa majibu hayo peke yake, ana nafasi kama moja katika kumi na moja ya kuwa mgonjwa! Aliuliza: katika wagonjwa, wangapi hugunduliwa? Alipaswa kuuliza: katika walioambiwa wanao, wangapi wanao kweli? Maneno ni yale yale, yamegeuzwa kiti, na majibu yanatofautiana kama mchana na usiku.

Simwambii mtu adharau majibu ya daktari, nisikilizwe vizuri. Nasema kipimo cha pili kina sababu. Kipimo cha VVU kikionyesha maambukizi, mhudumu hupima tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kutoa jibu. Hesabu hii ndiyo iliyomo ndani ya utaratibu ule. Mama ambaye anajua hesabu hii atakaa kwenye benchi la zahanati akingoja kipimo cha pili bila kufa moyo kabla ya wakati.

Sasa tuondoke kwenye kete tuingie baharini, na hapa wavuvi ndio walimu wangu. Niambieni, maji hujaa mara ngapi kwa siku?

(Ukumbi: Mara mbili!)

Na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana, kama dakika 50. Na bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja lini?

(Ukumbi: Mwezi mwandamo na mwezi mpevu!)

Na katikati yake maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Haya mnayajua bila kitabu, na waliowatangulia waliyajua kabla ya shule kuletwa hapa. Lakini hebu tuyatazame kama ndiyo tunayaona leo. Mwezi huvuta maji. Mwezi uko upande mmoja tu wa dunia. Basi maji yavimbe upande ule, na dunia ikijizungusha mara moja kwa siku, Tanga ipite kwenye uvimbe ule mara moja. Maji yangejaa mara moja kwa siku. Mbona yanajaa mara mbili? Saa kumi na mbili na dakika 25 hivi baadaye mwezi umeshaenda upande wa pili, uko chini ya nyayo zetu, dunia nzima imekaa kati yetu nao, na maji yanapanda tena pale pwani ya Raskazone. Anayeyapandisha ni nani?

Galileo, yule aliyeelekeza darubini yake kwenye mwezi akaona milima, aliandika mwaka 1632 kwamba habari ya mwezi kuvuta bahari si ya kweli, na kwamba kujaa na kupwa kunatokana na mwendo wa dunia yenyewe. Kwa maelezo yake maji yangejaa mara moja kwa siku. Alijua fika kwamba Venice yanajaa mara mbili, akasema hiyo ni kwa sababu ya umbo na kina cha bahari ya kule. Mtu mkubwa kama yule! Mvuvi yeyote wa pwani hii angemwambia kwamba nasi huku ni mara mbili, na bahari yetu si ya Venice.

Jibu likaja kwa Isaac Newton mwaka 1687. Mwezi hauvuti maji tu, unaivuta na dunia yote. Na unavuta zaidi kilicho karibu, unavuta kidogo kilicho mbali. Njooni watu watatu hapa mbele, simameni mstari mmoja mkielekea mlangoni. Wa mbele tembea haraka, wa kati tembea kiasi, wa nyuma tembea pole pole. Sasa wewe wa kati, jiangalie. Wa mbele amekuacha, wa nyuma umemwacha. Wamekaa mbali nawe pande zote mbili, ingawa wote watatu mmekwenda upande mmoja. Wa mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi, wa kati ni dunia, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Hakuna aliyeyasukuma maji yale ya nyuma. Dunia imevutwa zaidi kuliko hayo, yakabaki.

Kwa hiyo kinachoinua bahari ni tofauti ya mvuto kati ya huku na kule. Na ukilielewa hilo, fumbo jingine linajifungua lenyewe. Jua huivuta dunia karibu mara 180 kuliko mwezi unavyoivuta. Basi kwa nini wavuvi huangalia mwezi, hawaangalii jua? Kwa sababu jua liko mbali mno, mara 390 hivi ya umbali wa mwezi, na kwa umbali huo huku na kule kwa dunia ni karibu sawa. Tofauti ni ndogo. Katika kuinua maji, jua halifikii hata nusu ya kazi ya mwezi. Linaposhirikiana na mwezi, wakiwa mstari mmoja na dunia, ndipo bamvua. Linapovuta kwa pembeni, maji mafu.

Kuna mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, na najua anataka kusema nini. Siku ya mwezi mwandamo mwezi uko utosini adhuhuri pamoja na jua, lakini maji ya bamvua hapa kwetu hayajai adhuhuri. Yanajaa kama saa kumi alasiri, na tena alfajiri. Mzee, uko sawa, na Newton pia hakulimaliza hilo. Bahari haikuizunguka dunia yote kama blanketi, ina pwani, ina visiwa, ina kina tofauti, na maji yanayoyumba ndani yake yanachukua muda kufika. Kila pwani ina saa yake. Ndiyo maana kitabu kinakupa sababu ya kujaa, lakini saa ya kutoka na chombo utamuuliza mtu wa Tanga.

La saa na wakati nitalipitia haraka, kwa kuwa linahitaji siku yake. Kurwa na Doto ni pacha. Doto anapanda chombo kinachokwenda kwa mwendo wa kukaribia ule wa nuru, Kurwa anabaki nyumbani. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba saa inayokwenda kasi hukawia. Doto akirudi atakuwa mdogo kuliko Kurwa. Lakini Doto naye atasema: kwangu mimi ni Kurwa aliyekuwa anakwenda, saa yake ndiyo iliyokawia! Nani mdogo? Ni Doto, kwa sababu ni yeye aliyegeuza chombo. Safari zao hazilingani. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha dunia saa za atomu wakiwa ndani ya ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki, upande dunia inakojizungusha, zilirudi nyuma kidogo, zilizokwenda magharibi, kinyume chake, zilirudi mbele, kwa makumi na mamia ya sehemu za bilioni ya sekunde, kama hesabu ilivyosema. Na kijana wa bodaboda anayefuata ramani kwenye simu anaitumia hesabu ya Einstein kila siku: saa za setilaiti za GPS, zinazoiongoza ramani hiyo, hukawishwa na kasi yake lakini huharakishwa zaidi na udhaifu wa mvuto wa dunia kule juu, basi huenda mbele ya zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kwa siku, na bila kuzirekebisha ramani ingekosea kilomita kadhaa ndani ya siku moja.

Nimeliacha la mwisho makusudi, kwa sababu hili ni letu. Limezaliwa ndani ya mkoa huu.

Mwaka 1963, kule juu Lushoto, katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwapo kijana wa kidato cha tatu jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa haba na watu wengi, kwa hiyo ni mbio. Siku moja Mpemba alinunua maziwa kwa akina mama wa pale akaanza kuyachemsha. Mwenzake alipomwona, akakimbilia friji, akachanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akaweka. Mpemba akaona akingoja maziwa yapoe ataikosa trei ya mwisho. Akayatia yakiwa ya moto.

Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado yalikuwa uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Akanyamaza, akakubali. Lakini likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa, Tanga mjini. Rafiki akamwambia yeye huweka vitu vikiwa vya moto ili vigande upesi. Na wauza aiskrimu wengine wa Tanga walikuwa wakifanya vivyo hivyo! Ndugu zangu, mnasikia? Kabla Mpemba hajaliandika jambo hili katika jarida la fizikia, wauza aiskrimu wa mji huu walikuwa wanalitumia kuendesha biashara.

Akaenda sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa. Walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, akikosea hesabu darasani, aliambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Wenzake wakaidaka. Fikirini mwanafunzi anayebeba hilo kila siku na bado haachi. Alipoikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili, yaani vikombe vya maabara, moja ya maji ya bomba, moja ya maji ya moto, akazitia kwenye friza ajionee.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama: ukichukua bika mbili zenye maji sawa, moja nyuzi 35, nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, iliyoanza na nyuzi 100 inawahi kuganda. Kwa nini? Wenzake walimcheka. Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali, akamuuliza kama amelifanya kweli. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akaahidi kulijaribu.

Aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yamewahi kuganda, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Waliporudia, jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Leo dunia nzima ya fizikia inaliita jambo hili kwa jina lake.

Kwa nini walimcheka? Hoja yao ilikuwa na nguvu, na walimu wale hawakuwa wajinga. Maji ya nyuzi 100 hayawezi kuganda bila kupita nyuzi 35. Yakifika 35 yatakuwa kama yale mengine yalivyoanza, na muda yaliotumia kufika pale umeshapotea. Basi lazima yachelewe. Nani atalipinga hilo?

Tazameni neno "kama". Maji yaliyoshuka kutoka 100 yakafika 35, je, ni maji yale yale na yaliyoanza na 35? Mengine yamekwenda na mvuke, yamebaki machache. Hewa iliyokuwamo ndani imetoka. Ndani yake kuna mikondo, ya moto yanapanda juu, ya baridi yanashuka. Chombo cha moto kimeyeyusha utando wa barafu kilichokalia, sasa kimegusana na chuma chenye baridi. Kipimajoto kinasoma 35 kotekote, lakini kipimajoto kinasema namba moja tu juu ya kitu chenye habari nyingi. Waliomcheka walijibu swali la maji yasiyo na kumbukumbu ya yalikotoka. Yeye aliuliza juu ya maji yaliyomo ndani ya bika.

Mpemba na Osborne wenyewe waliona kwamba mvuke peke yake hautoshi kueleza. Walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, ikaonyesha kwamba joto jingi hutoka kupitia juu, na juu ndipo mikondo inapoyapeleka maji ya moto. Wala wao hawakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika juu ya wavuvi wa Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, waliokuwa wakivua juu ya barafu, wakimwagia maji ya vuguvugu kwenye mafimbo yao ili yagande upesi na kuyashika. Wanafalsafa wa Ulaya nao walilitaja, Bacon mwaka 1620, Descartes mwaka 1637. Kisha likasahauliwa, mpaka maziwa ya Magamba.

Je, limeisha? Halijaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu muda wa maji kufika nyuzi sifuri wakasema hawakuliona jambo hili. Wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kukudanganya. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada hawakupima kuganda kwa maji. Walitumia shanga ndogo mno za kioo ndani ya maji, wakizishika kwa nguvu za mwanga, wakaonyesha bila shaka kwamba kilichoanza na joto zaidi kinaweza kupoa mbele ya chenye joto kidogo. Mwaka 2024 watafiti huko Austria wakaliona jambo la ukoo huo katika atomi zenye chaji ya umeme. Yote hayo yanaitwa kwa jina la kijana wa Magamba, na juu ya maji yenyewe wataalamu bado wanabishana. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Walimu wenzangu, mtoto akileta swali la namna hii, kamwambieni: twende tukapime. Msimpe jina la utani.

Na nyinyi wanafunzi, leo usiku mnaweza kulifanya. Kikombe cha bati ni bora kuliko cha kioo, maana kioo cha moto hupasuka kwenye friza. Vikombe viwili vinavyofanana, maji ya chombo kimoja, pimeni kwa mzani au kikombe cha kipimo. Msiviweke juu ya utando wa barafu. Tandikeni kipande cha godoro la sponji au boksi chini ya vyote viwili. Vibadilisheni nafasi siku ya pili, cha kulia kiwe kushoto, kwa sababu friza ina kona zenye baridi zaidi. Kipimajoto kikae kina kile kile katika vyote. Andikeni saa tatu tofauti: maji yalipofika sifuri, barafu ya kwanza ilipoonekana, na yote yalipoganda. Zile ni saa za mambo matatu, msiandike moja mkaipa jina la nyingine. Umeme ukikatika katikati, futeni siku hiyo mwanze upya. Daftari zenu nitazipokea hapa hapa mwezi ujao, siku ya mwezi mwandamo, alasiri, maji yakijaa.